Kabuti la Mkamba

Kabuti limetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba cha Mama, kwetu Mwakirunge, karibu na Mombasa. Ni zito, na kaki yake ya zamani imefifia mpaka imefanana na udongo mkavu. Kola imelika, bitana limebaki matambara, na mfuko wa kulia umeshonwa kwa uzi mweusi wa kushonea magunia. Vifungo vya shaba vipo vyote ila kimoja. Cha pili kutoka juu hakipo. Pale kilipokuwa zimebaki ncha mbili za uzi, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuzikata wala kushona kifungo kingine mahali pake.

Mwaka 1997 nilikuwa darasa la saba, na mwalimu wetu wa Kiswahili akatupa kazi ya kuandika insha juu ya shujaa wa ukoo. Wenzangu walihangaika. Mimi nilijua nyumbani mna kabuti la jeshi, nikachukua daftari nikamfuata Babu shambani. (Kwetu babu ni tsawe, na ndivyo nilivyomwita mpaka tukamzika, lakini hapa nitasema Babu ili tuelewane sote.) Alikuwa chini ya mkorosho anafua nazi. Nikamwuliza, "Tsawe, vitani uliua Wajapani wangapi?"

Akachomeka nazi kwenye kifuo, akaikandamiza, kumbi likapasuka. Akaifua yote, akaiweka pamoja na zile nyingine, akachukua ya pili. Ndipo akasema, "Mimi vita sikuviona. Nilikaa jeshini miezi kumi na mitatu, nikaumia mguu, nikarudi kulima. Andika hivyo."

Sikuandika hivyo. Tulikuwa na jirani, mzee aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia huko Burma, au Bama kama alivyoiita mwenyewe, ambaye kila jioni watoto tulimzunguka kwenye kibaraza chake. Alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile yenye alama ya kichwa cha faru begani, iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko. Alitueleza matope ya kufika magotini, ruba walioingia mpaka ndani ya viatu, na malaria iliyowaangusha watu kuliko risasi. Alitueleza daraja la chuma lililotandazwa juu ya mto Chindwin pale Kalewa mwezi wa Desemba, refu kuliko daraja lolote la aina yake duniani wakati ule. Nikachukua maneno yake yote, nikamvika Babu yangu. Nilipata alama 34 kati ya 40 na insha ikasomwa mbele ya darasa.

Siku ya wazazi, Babu ndiye aliyekuja. Mwalimu akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia shule nzima inajivunia mtu aliyevuka mto Chindwin. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Babu akanitazama, akamgeukia mwalimu, akasema, "Asante, mwalimu." Tukarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima alizungumza habari za mihogo.

Niliibeba siku ile miaka mitano. Mwaka 2002, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, nilikaa naye shambani miezi mitatu. Minazi yake ilikuwa imevamiwa na chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi na kula jani kabla halijafunguka. Babu alikuwa karibu miaka themanini na hakuweza tena kupanda. Mimi nilipanda, nikikanyaga vidato alivyokata yeye mwenyewe nusu karne nyuma, na mkononi nina waya mgumu uliopindwa ncha kama ndoana. Unauingiza waya kwenye tundu, unausokota taratibu mpaka usikie kitu kimekwama, kisha unavuta, na chonga anatoka akipiga miguu. Babu alisimama chini akinielekeza. Siku ya pili au ya tatu, nikiwa juu sioni uso wake, nikamwambia habari ya ile insha.

"Nilijua," akasema. "Yule wa Bama alikuwa mtu mwema. Si haya kuvishwa nguo zake." Kisha, baada ya muda, "Lakini sasa shika vizuri huko juu, nikwambie zangu."

Ndivyo nilivyoipata habari hii. Sehemu kubwa aliisema mimi nikiwa juu ya mnazi na yeye akiwa chini, na nadhani asingeisema tukitazamana. Nyingine nimezitafuta mwenyewe baadaye. Naandika sasa kama alivyoniagiza mwaka 1997, nimechelewa mno.

Babu hakuingia jeshini kwa kupenda bunduki. Mwaka 1942 Japani ilishika Ufilipino na visiwa vya Waholanzi kule mashariki, kulikotoka sehemu kubwa ya nyuzi za kutengenezea kamba na magunia, na mkonge wa Afrika Mashariki ukageuka mali ya vita. Serikali ya kikoloni ikaruhusu Waafrika wapelekwe kwa lazima kwenye mashamba ya walowezi, mkonge ukiwemo. Askari wa chifu walikuja usiku. Kijana mwenye nguvu alikuwa na njia mbili: kukatwakatwa na miiba ya mkonge kwa ujira wa kununulia chumvi, au kwenda jeshini, ambako angalau walitoa viatu, chakula cha kushiba, na mshahara ambao ungeweza kufikia mahari. Alikuwa na miaka ishirini hivi. Alikuwa na shamba la mihogo na mahindi alilolima na kaka yake, na msichana aliyemtaka.

Mama yake alikataa. Yeye alikuwa msichana mdogo mwaka 1914, Waingereza walipowataka Wagiriama watoe vijana wa kuwa wapagazi wa vita vya kwanza. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, alikuwa amekwisha kuwalisha watu kiapo cha kukataa. Waingereza walikuwa wamemkamata mwaka 1913 wakampeleka Kisii, naye akatoroka akarudi pwani kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, mahali patakatifu pa Wagiriama, kwa baruti. Mama yake Babu alikuwa na kumbukumbu ya kukimbia usiku na ya moshi, basi. "Sisi tulikataa mpaka tukachomewa," akamwambia mwanawe, "na wewe wajipeleka kwa miguu yako?" Babu aliondoka kabla ya jogoo la kwanza, hakumuaga. Hilo alilitaja mara nyingi kuliko habari ya mguu.

Alivuka daraja la Nyali la zamani, lile lililoelea juu ya maji tangu 1931, akaingia kisiwani asubuhi. Ilikuwa mwanzo wa mwaka 1943. Mombasa aliyoikuta haikuwa ile aliyozoea kuuzia mihogo. Mwaka mmoja nyuma Wajapani walikuwa wameshambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), na Waingereza wakayarudisha manowari yao ya Bahari ya Hindi mpaka Kilindini. Mji ulijaa mabaharia, na usiku taa zilifunikwa. Pale shule ya Allidina Visram, mbele ya bahari, wanafunzi walikuwa wamepisha wataalamu wa kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Hilo watu wa mji hawakulijua wakati ule, na mimi mwenyewe nililijua ukubwani, baada ya kupita mbele ya shule ile maisha yangu yote.

Walimpeleka bara, kwenye mizinga, wala si bunduki. Humo mlikuwa na Wakamba, Waluo, Wanandi, Wanyamwezi, na watu waliotoka mbali mpaka Nyasaland, Malawi ya leo. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha Keya. Keya ni KAR (King's African Rifles), jeshi la wakoloni lenyewe, lilivyotamkwa na askari, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyolewa: ngeli zimetupwa, kila kitu "ile", kila mtu "hii". Babu alisema wiki za mwanzo sikio lilimuuma kumsikia sajini akiamuru, "Lete ile mtu, lete ile maji." Baadaye akaona kwamba kwa Kiswahili hicho hicho mtu wa Nyasaland alimwomba mtu wa Kitui maji akapewa, na akaacha kusahihisha.

Alikuwa amesoma miaka minne kwa wamisheni, akijua kusoma na kuandika. Basi jioni akawa mwandishi wa barua wa kambi, malipo sigara moja kwa barua moja. Barua zote zilisomwa na afisa kabla ya kufungwa, kwa hiyo haikuruhusiwa kutaja mahali wala kazi. Zilibaki salamu, mifugo na fedha. Mteja wake mkubwa alikuwa kijana wa Kikamba aliyelala kitanda cha jirani, ambaye Babu alimwita Mkamba wangu, na mimi nitamwita hivyo hivyo kwa sababu ana ukoo, na jina lake ni lao. Mkamba alimwandikia mama yake kila mwezi na kila barua ilikuwa na sentensi moja isiyobadilika: usiuze ule mtamba mwekundu. Alikuwa amemwacha nyumbani mtamba aliyemlea kwa mkono baada ya ng'ombe aliyemzaa kufa. Aliogopa kodi. Aliogopa wajomba. Babu aliiandika sentensi ile mara nyingi kiasi kwamba, miaka hamsini na minane baadaye, aliisema kwa sauti kutoka chini ya mnazi kana kwamba anaamrishwa kuandika: "Mama, salamu sana. Usiuze ule mtamba mwekundu."

Januari 1944 waliletwa pwani kungoja meli. Siku moja wakipakua masanduku ya risasi za mizinga, sanduku likaponyoka, likamwangukia Babu mguu wa kushoto. Kiatu kilipokatwa, vidole viwili vilikuwa vimesagika. Jeraha likaoza. Hospitali ya jeshi ikaviondoa. Hilo ndilo jeraha lake la vita, sanduku lililoponyoka mikononi mwa wenzake waliochoka, kilomita chache kutoka kwa mama yake. Sisi wajukuu tuliujua mguu ule kwa nyayo zake. Kwenye mchanga wa shamba, mguu wa kushoto uliacha kisigino, wayo na alama tatu, na ukitumwa kumwita Babu ulifuata alama tatu mpaka umpate.

Usiku mmoja mwanzoni mwa Februari, Mkamba akaja wodini kumuaga. Kikosi kinapanda meli. Wapi hawakuambiwa, ila uvumi ulisema Ceylon, na kwamba huko ni joto kama Mombasa. Babu alikuwa na homa, anatetemeka, blanketi aliyopewa nyembamba. Mkamba akavua kabuti lake akamfunika. Lilikuwa mali ya serikali na kulipoteza ni kosa la kukatwa mshahara. Babu akamkataza. Mkamba akamwambia kwa Kiswahili chao cha Keya, "Wewe kaa na hii. Mimi takudai, tukirudi."

Kikosi chao kilikuwa Field Regiment ya 301 ya East African Artillery, jeshi la mizinga la Afrika Mashariki. Meli iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Kilindini tarehe 5 Februari 1944 katika msafara wa meli tano za kubeba askari, ikiwa na watu 1,511, ambao 996 kati yao walikuwa wa kikosi hicho. Wengine ni mabaharia, wauguzi wanawake na wanajeshi wa vikosi vingine. Tarehe 12, saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa makombora. Wengi walikuwa chini, ndani ya meli. Haikuchukua zaidi ya dakika tatu kuzama. Dakika tatu ni muda wa kufua nazi tatu, kwa mtu kama Babu.

Kuna jambo moja ambalo nikilisoma huweka kitabu chini. Nyambizi ilijificha chini ya mahali pale pale ambapo waliookoka walikuwa wakielea. Manowari mbili za Uingereza, Paladin na Petard, zililazimika kuchagua kati ya watu wale na meli nne zilizobaki. Zikadondosha mabomu ya chini ya maji. Nyambizi ilizamishwa. Kati ya watu 1,511 waliokolewa 214.

Mkamba hakuwa mmoja wao.

Babu hakujua. Habari kama hizo hazikutangazwa wakati wa vita. Aliachishwa jeshi mwezi wa Aprili kwa kutofaa tena, akapewa cheti, akavuka daraja la Nyali na fimbo, kabuti begani. Mama yake alimpokea, akamtazama mguu, hakusema neno juu ya siku ile aliyoondoka. Mwisho wa mwaka ule, Mwembe Tayari mjini Mombasa, alikutana na askari wa mizinga aliyebaki kwa ugonjwa kama yeye, na yule akamwambia meli ilizama na watu wote. Babu alisema alikuwa ameshika kikapu cha nyanya na alikiweka chini akakaa juu ya ukingo wa duka, mpaka mwenye duka akaja kumwuliza kama anaumwa.

Mwaka 1945, baada ya kuvuna, alifanya kitu ambacho mimi nakiona kikubwa kuliko Chindwin. Alikuwa ameandika jina la mama yake Mkamba, jina la chifu wao na la kilima chao juu ya bahasha kila mwezi. Anwani ilikuwa kichwani. Akachukua kabuti, akafunga nazi nne kwenye gunia, akapanda treni daraja la tatu, akashuka Sultan Hamud. Kutoka pale alitembea siku moja na nusu kwa mguu wenye vidole vitatu mpaka milima ya Kilungu, akiuliza njia kwa Kiswahili cha Keya.

Alimkuta mama yake Mkamba anapura mbaazi. Babu hakujua Kikamba zaidi ya neno alilofundishwa na rafiki yake, akamwita mwaitu, mama yangu. Wakatafuta mtoto wa shule wa kutafsiri. Ikajulikana kwamba karatasi ya serikali ilikuwa imefika, ikasomwa, ikasema mwanawe amepotea baharini. Yule mama hakuwa ameona bahari. Alimwuliza Babu maji yale yana upana gani, na Babu, ambaye amezaliwa karibu nayo, hakuweza kumwonyesha. Akamwuliza, mtu aliyepotea hatafutwi? Huku kwao mbuzi akipotea hutafutwa. Babu akapasua nazi, akampa anywe maji yake, kwa sababu hakuwa na jibu na mikono yake ilitaka kazi.

Usiku alilala kwao. Alfajiri alitoka nje akaona zizini ng'ombe mwekundu, na ndama wake pembeni. Hakuuzwa.

Babu alipotaka kumkabidhi kabuti, mama alilipokea, akaliweka mapajani, akalipapasa mifuko yote. Kisha akachukua kisu akakata kifungo cha pili kutoka juu, akakifunga kwenye ncha ya leso yake. Kabuti akalirudisha. Mtoto wa shule akatafsiri: "Anasema, ni wewe aliyekuachia. Litunze. Akija atakudai wewe."

Babu alinyamaza hapo na mimi nikabaki juu ya mnazi, waya mkononi, sijui nishuke au nisishuke.

Yaliyofuata aliyapitia haraka. Fedha za jeshi zilikwisha, kaka yake alikuwa ameoa na shamba halikutosha wawili, akaenda kufanya kibarua bandarini Kilindini. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, kama watu 15,000, waliweka kazi chini kwa ajili ya mishahara na nyumba. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira Majengo walioupa jina Kiwanja cha Maskini, na katika mgomo ule kikazaliwa chama cha African Workers' Federation, ambacho Chege Kibachia alikiongoza mpaka alipokamatwa Agosti mwaka huo huo na kupelekwa Baringo. Babu alikuwepo Kiwanja cha Maskini. Alisema kilichomshangaza ni kusikia Kiswahili cha Keya tena, midomoni mwa watu waliovua magwanda lakini hawakuivua ile lugha, na kwamba kila walipoanza kusema aligeuza kichwa kutafuta sauti moja. Mgomo ulipokwisha hakurudi bandarini. Hakutaka kushinda akitazama meli zinaondoka.

Alirudi Mwakirunge, akamwoa yule msichana, ambaye alikuwa amemngoja, akapanda minazi. Mnazi wetu mrefu hukungojesha miaka sita au saba kabla ya kukupa dafu la kwanza. Alipanda kumi na mbili mwaka wa kwanza, akaendelea kila masika, mpaka ikazidi mia mbili. Ardhi haikuwa na hati kwa jina lake. Tangu sheria ya mwaka 1908 ya hati za ardhi za pwani, Wamijikenda wengi walijikuta maskwota katika ardhi waliyozikia wazee wao, na desturi ikabaki kuwa miti ni ya aliyepanda hata kama udongo una mwenyewe. Babu alipanda miti. Kwa miti ile alisomesha watoto sita. Alisuka makuti, aliuza madafu, alikausha mbata, akaweka mikorosho kwenye mipaka. Usiku wa nguruwe mwitu alilinda mihogo akiwa amevaa kabuti, na mtu akimsifia jinsi lilivyo imara alijibu kwamba ni la kuazima.

Miaka ya tisini redio ilitangaza kwamba waliopigana vita vya pili waandikishwe. Baba yangu alimshauri aende. Alikwenda na cheti chake ofisi moja mjini, akapanga foleni kutoka asubuhi, na kijana aliyekuwa mezani akamwambia miezi kumi na mitatu haihesabiki, na zaidi ya hayo hakuondoka nchini. Alimwuliza kama hata kambi aliyoumilia si ya jeshi. Kijana akaita anayefuata. Nina hasira juu ya siku hiyo mpaka leo, na sioni sababu ya kuipunguza. Mwaka 2019 waandishi wa habari walichapisha waraka wa zamani wa Waingereza juu ya kiinua mgongo cha mwisho wa vita: askari Mzungu wa cheo cha chini kabisa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia, Mwafrika shilingi tatu na nusu. Kwa hesabu hiyo miezi ya Babu, kama ingehesabiwa, ingekuwa shilingi arobaini na tano na nusu. Mkamba, sijui walimhesabia mpaka mwezi gani.

Babu alifariki mwaka 2004, usingizini, baada ya siku ya kawaida ya kupalilia. Tulimzika chini ya mikorosho. Wiki nzima baada ya mazishi nilikuwa nikiona alama zake tatu kwenye njia ya kisimani, mpaka mvua ilipozifuta.

Mwaka jana nilipanda treni ya Miritini nikaenda Nairobi kwa shughuli za kazi, nikabakiwa na alasiri moja. Nikachukua matatu ya Ngong Road mpaka makaburi ya vita. Humo ndani mna ukumbusho wa Afrika Mashariki wenye majina ya wasio na kaburi linalojulikana, wakiwemo watu wa Khedive Ismail. Nyasi zimekatwa vizuri, kimya, miti mikubwa, magari yanasikika kwa mbali. Nilisoma majina ya East African Artillery kwa kidole, mstari kwa mstari, majina ya Kikamba, ya Kiluo, ya Kinyamwezi, ya pwani. Ni mengi sana. Niliposimama kupumzika shingo mlinzi alikuja akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia, rafiki wa babu yangu. Akakaa kusaidia.

Tulimpata. Jina limekosewa herufi moja. Karani wa jeshi aliliandika alivyolisikia, na Babu aliliandika juu ya bahasha alivyolitamka mama mwenyewe. Nilikuwa na kalamu, nikaliandika kwenye daftari kwa namna zote mbili, la ukutani juu na la Babu chini yake.

Niliporudi nilimweleza Mama. Ami yangu alikuwepo, akatoa wazo kwamba kabuti lipelekwe makumbusho pale Fort Jesus, litunzwe vizuri, watu waje walione. Ni wazo jema na nilitaka kulikubali, nondo hawatuachii. Mama hakuinua macho kutoka kwenye mchicha aliokuwa akichambua.

"Na mwenyewe akija?" akasema.

Mvua za masika zikipungua, yeye hulitoa msumarini, hulikung'uta, hulianika juu ya ua upande wa jua, na hukaa karibu nalo mpaka likauke.